Barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar: na sisi tusio na kazi tuhesabiwe

Mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Wete, Pemba.

Wiki iliyopita nilikwenda usaili Chake Chake. Nafasi zilikuwa chache mno, na watu tulijaa mpaka barabarani, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Saa nane mchana akatoka mtu akatwambia turudi majumbani, tutapigiwa simu. Dada mmoja aliyetoka Micheweni tangu alfajiri, mtoto mgongoni, hakuulizwa hata jina lake. Tutapigiwaje?

Ofisi yako naiheshimu. Kila mwezi inatangaza mfumko wa bei, kila mwezi inatangaza watalii walioingia. Ndiyo maana tunajua kwamba mwaka 2024 walifika 736,755. Lakini ukosefu wa kazi unangoja utafiti wa nguvukazi: wa 2006, wa 2014, kisha wa 2020/21. Baina ya utafiti mmoja na mwengine mtoto anaanza skuli ya msingi na kuimaliza. Na huo wa 2020/21 ulikuja wakati korona imeshazivuruga hoteli.

Mheshimiwa, kwetu kazi inakwenda kwa msimu. Karafuu zikiwiva kila mtu ana kibarua: vijana mitini, kina mama wanachambua makonyo mpaka usiku, malipo kwa pishi. Mimi mwenye stashahada ya uhasibu huchuma pia. Zikimalizika, tunakaa. Unguja nako masika yakiingia wageni hupungua, na ndugu zetu wa hotelini wanarudi Pemba kwa boti bila ya mshahara. Nikiulizwa mwezi wa karafuu, nina kazi. Tena kwa kanuni za Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki inayoulizwa hahesabiwi kuwa hana kazi. Saa moja! Takwimu moja baada ya miaka sita au minane itatuonesha vipi?

Marekani hutangaza kila mwezi kwa kuuliza kaya kama 60,000. Uwezo huo hatuna, nakubali. Lakini sensa ya 2022 ilitukuta watu 1,889,773 visiwa vyote. Kuuliza kaya chache kila wilaya hakuwezi kuwa mlima.

Kampeni za 2020 tuliahidiwa ajira 300,000. Ngapi zilifika Pemba? Ngapi zilidumu zaidi ya msimu mmoja? Takwimu za karibu zisipokuwepo, kila mwanasiasa anasema lake, na sisi tunaambiwa vijana wavivu, wanapenda kukaa barazani. Baba yangu aliuza ng'ombe wake ili nisome. Leo macho yake yamepungua nuru, na bado ni mimi ninayemwomba yeye nauli ya kwenda usaili. Nimechoka kuitwa mvivu mbele yake.

Sikuombi kazi, Mheshimiwa. Nakuomba hesabu. Tangazeni kila mwezi, ikishindikana kila robo mwaka, ni wangapi hawana kazi Unguja na Pemba, wilaya kwa wilaya, na wangapi wana kibarua cha msimu tu. Itangazwe hadharani kama mnavyotangaza bei za vyakula. Mwaka huu, Mheshimiwa, si baada ya utafiti mwengine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhitimu asiye na ajira, Wete