Ukiulizwa Habari za Ndoa Yetu

Ndanda, Mtwara

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo, babu anakohoa kidogo tu. Ujumbe wako niliuona siku ileile. Wiki tatu nimekaa kimya, ukadhani sina bando. Bando lilikuwepo.

Umetaka tarehe niliyofunga ndoa na mama yako, uiandike kwenye kitabu cha hiyo nishani ya skauti Wakatoliki unayoitafuta huko Marekani. Usiandike tarehe yoyote, na usibuni. Umetumikia altareni hapa abasia, umeona mwenyewe wakati wa komunyo nani anabaki kwenye benchi, akigeuzia magoti pembeni ili watu wapite.

Mjomba wako amenieleza kwamba nishani hiyo, Ad Altare Dei, inatolewa na Kanisa, skauti wanairuhusu tu ivaliwe kwenye sare. Kitabu chake kinapita sakramenti zote saba, halafu unakalishwa mbele ya wakubwa wakuulize. Ubatizo, kipaimara, kitubio, hizo sina shaka nawe. Hii ya ndoa ndiyo inayoninyima usingizi. Wakikugusia ya nyumbani, sema wazazi wako wanaishi pamoja na ndoa haijabarikiwa. Usiseme picha zimepotea. Nakujua, ukibanwa una maneno matamu, na hayo umeyarithi kwangu.

Nilipomsomea babu jina la nishani alikuwa anabangua korosho. Hakuinua kichwa. Akajibu palepale: “Ad Deum qui laetificat juventutem meam.” Alitumikia misa za Kilatini akiwa mdogo kuliko wewe. Padri akisema ataingia altareni kwa Mungu, ndiko lilikotoka jina la nishani yako, mtumishi ndiye anajibu hivyo: kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu. Ni maneno ya Zaburi, ile ya 43 kwenye Biblia yetu. Misa ilipogeuka Kiswahili miaka ya 1960 majibu hayo yaliachwa, yeye hajayaacha. Mweleze padri wako wa huko, asidhani umetoka kwa watu wasiojua altare. Nilijisikia mkubwa siku hiyo, sikufichi. Lakini Jumapili mbili hujampigia babu simu, na kitambaa cha zambarau utakachoshonewa juu ya mfuko wa kushoto, kile chenye fundo la rangi ya fedha analolisifia mjomba wako, hakitamsalimia kwa niaba yako.

Watu hapa husema ndoa ya kanisani ni gharama. Kanisani hakuna gharama ya kumshinda mtu. Kinachoshinda ni pilau, suti na mziki. Mwaka 2017 korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, hela ilikuwepo, na mama yako alikuwa ameshaulizia bei ya kitambaa. Pikipiki nayo ilihitajika. Ndiyo hivyo.

Salfa ya mikorosho tumepuliza mara mbili, ya tatu bado. Bati la jikoni limetoboka pale juu ya mafiga, mvua ikianza mama yako atapikia barazani. Mdogo wako anataka kuingia skauti shuleni kwa sababu ya skafu tu. Nimemwambia asubiri, viatu vyenyewe hana. Ukipata vya zamani vya saizi ya 38, mpe mjomba wako, kuna mtu atakuja Desemba.

Na kikao chako ni lini? Hukusema. Niambie siku, nisikie kwa mdomo wako utakachojibu kabla hujawajibu wao. Usiseme uongo kwa ajili yangu, baba.

Juzi nilimpitia katekista. Anataka cheti kipya cha ubatizo cha mama yako, na yeye alibatizwa Nyangao, itabidi tupande gari twende huko mkoani Lindi kukifuata. Mama yako sijamwambia bado. Pikipiki kuna mtu wa Chikundi ametoa laki sita. Nimemkatalia, arudi na laki saba.

Baba yako