Mama wa ndizi na matundu yake

Niaje beshte,

Si nilikuambia nitakuandikia nikimaliza ile stensili ya tishati, basi ngoja nikupe stori. Nilichora mama wa ndizi, wale hupita hapa mtaani asubuhi na beseni kichwani, mkono mmoja umeshika beseni na mwingine uko kiunoni, nikasema sitaki macho sitaki pua, umbo jeusi tu. Kwa karatasi alikuwa poa sana. Nikalitoboa hilo umbo kwa kadibodi na wembe, nikapuliza rangi ipitie hapo hadi kwa tishati ya kwanza, weh! Likatokea gunia la makaa. Broo yangu mdogo akaniuliza kama hiyo ni jiko.

Nikaiangalia sana nikaona kumbe shida haiko kwa mama, iko pale mama hayuko. Ile pembetatu kati ya mkono na kiuno nilikuwa nimeifanya nyembamba, rangi ikapenya chini ikaiziba, na bila hiyo pembetatu hakuna kiwiko, ni mnene tu.

Nikaanza upya, na saa hii sikuchora mama, nilichora matundu: la kiunoni, la kati ya shingo na mkono ulioinuka, na kale kanafasi kati ya miguu chini ya leso. Mama akajitokeza mwenyewe, aki! Lakini stensili nayo ina vituko, tundu likizungukwa na rangi pande zote kile kipande cha kadibodi kinadondoka, so lazima uache kadaraja ka kukishikilia. Nikapitisha daraja kwa kifundo cha kila mkono, sasa kila mtu ananisifu eti bangili zimetoka safi, na mimi nanyamaza tu.

Unakumbuka zile picha za bluu za Matisse, yule msanii Mfaransa, za mwanamke ameketi, tulikuwa tunaziangalia kwa simu yako, za 1952? Mzee alikata na makasi karatasi iliyopakwa rangi, na pale mguu unapita juu ya mguu hakuchora laini yoyote, aliacha tu mwanya mweupe kati ya vipande. Nilikuambia huo ni uvivu. Naomba msamaha, kwako na kwake.

Sasa kuna kastama anataka nimwekee mama macho na tabasamu. Nimemwambia bei ni dabo.

Nimekuwekea moja, saizi yako. Ile ya gunia la makaa broo amekataa kuitoa, ndiyo analala nayo.

Salimia mathe,
Mimi wako