Barua kwa kaka na shemeji: treni inayotambaa na mtaro usiokwisha

Leeds, Uingereza
9 Mei

Kaka na shemeji,

Hamjambo nyumbani? Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi hii ya mvua? Sauti mlizonitumia nimezisikiliza zote, hata ile ya shemeji akiwa ndani ya matatu Mombasa Road huku honi zikimmeza maneno. Mnauliza treni yenu ya Syokimau hadi mjini Nairobi itarudi lini kwenda kama zamani, na kwa nini barabara ya mtaani inachimbwa palepale kila msimu. Tarehe sina. Ninachoweza ni kuwaonyesha jinsi ya kusoma ardhi, mjue shida ya leo ni ya saa moja au ya mwezi.

Yote yanaanzia kwenye udongo. Kikuyu na Westlands ni udongo mwekundu, unakunywa maji na kutulia. Kutoka Embakasi kuja kwenu Syokimau hadi Athi River ni ule mweusi unaogandamana kwenye viatu. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza kiganja. Ndiyo maana mvua za kwanza baada ya kiangazi huumiza reli sana: maji huteremka kwenye nyufa hadi tumboni mwa tuta linalobeba reli kabla ardhi haijajifunga.

Reli hushikwa na mataruma, yaani yale magogo ya mbao, chuma au zege yanayolazwa chini yake, nayo mataruma hukalia kokoto zenye kona kali, kwa kawaida kina cha sentimita 20 hadi 30. Kokoto hutawanya uzito na kupitisha maji. Tuta likilowa, kila gurudumu linalopita huukamua udongo, na tope hupanda katikati ya kokoto. Zikishajaa tope maji hayana pa kutokea, taruma linabaki likining'inia, reli inazama upande mmoja, na dereva anaamriwa kupunguza mwendo. Mkiwa stesheni, tazameni chini: kokoto safi zenye nafasi kati yake ni nzima. Mkiona tope lililokauka limezunguka mataruma kama uji uliofurika sufuriani, hapo pana ugonjwa, hata kama jua linawaka.

Sasa hesabu. Kilomita 2 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni dakika 3. Kwa kilomita 10 ni dakika 12. Dakika 9 si kitu. Shida ni kwamba reli hii ya upana wa mita moja, iliyofika Nairobi mwaka 1899 (msiichanganye na SGR, ile reli mpya pana, ina tuta lake), ni njia moja, na treni hupishana tu pale penye njia ya pili. Inayotoka mjini ikichelewa, yenu inakaa kuingoja, kisha inachelewesha nyingine, na deni linakua hadi jioni. Kwa hiyo msimu wa mvua pandeni treni ya kwanza ya asubuhi. Hiyo bado haijarithi deni la mtu.

Mkiambiwa injini imeharibika au kuna treni mbele, hesabuni saa moja au mbili. Maji yakiwa yamefunika reli, hata yakipungua haraka, lazima watu watembee kwa miguu wakague kila kalvati, yaani tundu la kupitishia maji chini ya reli, kabla treni haijapita. Andikeni siku hiyo imekwenda. Mkiona kokoto zimesombwa na reli inaning'inia hewani, hizo ni wiki: tope linachimbwa, mfereji unafunguliwa, kokoto mpya zinamwagwa na kushindiliwa chini ya kila taruma. Na baada ya hapo treni itatambaa bado siku kadhaa, maana kokoto mpya hazijakaa. Huo si uzembe, kaka, hata kama unaudhi. Uzembe ni kurudishia kokoto bila kuzibua mfereji, maana mvua ijayo mtakuwa palepale.

Mtaro unaochimbwa kwenye barabara ya mtaani ni udongo uleule. Mtaro wa kina cha mita moja unatakiwa ujazwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, yaani matano hadi saba, kila moja likishindiliwa kwa mashine kabla ya jingine. Udongo mweusi uliotolewa haurudishwi; inaletwa murramu nzuri, ule udongo mwekundu wa changarawe, yenye unyevu kiasi, si kavu vumbi wala matope. Mkandarasi wenu, kwa maelezo ya shemeji, alimwaga lori tatu na kusawazisha mchana mmoja. Hapo lami itazama hata ingewekwa nene namna gani. Chukueni nondo ya milimita 12 mchomeke kwa mkono kabla lami haijawekwa: ikizama zaidi ya shubiri, pigeni picha, na futi ya kupimia ionekane. Andikeni tarehe, kina na namba ya nguzo ya stima iliyo karibu. Barabara za mtaa ni za kaunti au KURA, mamlaka ya barabara za mijini; Mombasa Road ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ulizeni kwanza, malalamiko yakienda mlango usio wake hulala humo.

Msidhani huku ni peponi. Jumapili nyingi treni hazipo, tunabebwa na mabasi. Tofauti ni fidia: kwa kampuni nyingi za treni, ukichelewa dakika 15 unarudishiwa robo ya nauli, dakika 30 nusu. Huko wekeni fidia yenu wenyewe: nauli ya matatu ya siku tatu, ikae kando hadi mvua iishe, kwa sababu bei hupanda mawingu yakikusanyika tu. Treni ikikwama Makadara, shukeni mtafute matatu za Jogoo Road, msirudi nyuma kuitafuta Mombasa Road. Na majirani wenye gari wakikubali kuchangiana ada ya Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, afadhali, ila msimtegemee mtu wa boda boda. Pikipiki haziruhusiwi juu kule.

Nitumieni picha ya kalvati iliyo karibu na stesheni, ipigwe kutoka pande zote mbili. Nataka kuona kama maji yanatoka upande wa pili au yanasimama.

Mdogo wenu