Yai la Sitini na Moja

Mamboleo, Kisumu
Jumatatu, 30 Machi 2026

Mwanangu, Mama Pacha,

Hapa hatujambo, ila mvua imeingia kwa vurugu na kuku wawili wameamua kuatamia bila ruhusa yangu. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama Pasaka hii uwapeleke watoto kutafuta mayai tena kwenye ile hoteli ya mwaka jana, au ununue yale mayai ya plastiki ya supamaketi, au kama mimi mzee wa mayai nina wazo lolote. Mambo kama haya hayatoshi kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua nimeiweka juu kabisa kwenye katoni. Isome yote kabla hujagusa kilicho chini.

Hoteli achana nayo. Wewe mwenyewe ulinisimulia: watoto chungu nzima kwenye bustani moja, filimbi ikalia, wale wakubwa wakakomba kila kitu kwa dakika tano, na Odongo akarudi na nusu ganda na machozi. Na ulilipia kila kichwa! Kama ni kusukumana, si ungewaleta Kondele saa kumi na mbili jioni wagombanie matatu, ni bure.

Halafu usidhani kutafuta mayai tumeletewa na wageni. Nilipokuwa mdogo kule Seme, hiyo ilikuwa kazi yangu. Kuku wa dani, yaani nyanya yako, hawakutagia ndani. Kila mmoja alikuwa na siri yake kichakani, na kuku mjanja hapigi kelele akiwa kiotani; hutembea kwanza hadi mbali, kisha ndipo anaanza kutangaza. Ukikimbilia sauti umepotea. Mama alinifundisha kukaa kimya nyuma ya ghala, nimtazame anavyozunguka, anavyojifanya anadonoa, hadi aingie. Kisha nikayatoe mayai kwa kijiko, kamwe si kwa mkono, na nibakishe moja, maana ukiyamaliza yote kesho anahama.

Kwa hiyo wazo langu la kwanza ni hilo. Waambie pacha: mayai yamefichwa pale ambapo kuku angetagia. Basi. Mahali pa chini, pakavu, penye giza kidogo, na pawe na kitu cha kuziba mgongo. Utaona watakavyoinama na kufikiri badala ya kukimbia kama waliochokoza nyuki. Kwenye ploti yenu kuna sehemu nyingi: nyuma ya ndoo za maji, chini ya karo, ndani ya gumbuti, kati ya mifuko ya makaa ya Mama wa nyumba ya tatu ukimwomba. Usifiche karibu na mtungi wa gesi wala juu ya ukuta ule wenye vipande vya chupa.

Sasa, mayai yenyewe. Nimekuwekea trei mbili, nimezipanga katika maganda ya mpunga ya Ahero ili barabara ya Kericho isiyafanye kimanda kabla ya wakati. Usiyachemshe yote. Miaka kumi na minane niliyouza mayai ya kuchemsha barabarani imenifundisha kwamba yai lililoiva halipendi kusubiri, na wataalamu wanasema lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili kama litaliwa. Jumapili asubuhi mtakuwa kanisani, na mahubiri ya Pasaka mnayajua urefu wake. Yale ya kuficha yawe maganda matupu.

Fanya hivi. Osha yai likauke. Toboa upande uliochongoka kwa sindano, tundu dogo tu, kisha upande mpana tundu la ukubwa wa mchele. Ingiza njiti uvunje kiini. Shika yai juu ya bakuli, puliza polepole. Ute utatoka kwanza kwa ukaidi, halafu kiini kitachuruzika chote mara moja. Kazi ya kupuliza ni yako, si ya watoto; yai bichi halifai kuingia kinywani mwao. Suuza ganda kwa maji yenye matone ya siki, lisimamishe kwenye trei likauke hadi kesho yake. Ishirini yanatosha, zaidi ya hapo mashavu yatakuuma kama umepiga tarumbeta matanga mazima. Ya ndani kaanga siku hiyohiyo, mle na chapati. Hivyo hakuna chakula kilichochezewa. Unajua hilo kwangu ni jambo zito.

Hayo ishirini wape wayapake kalamu zao za rangi. Lakini kumi na mawili chemsha kwa ajili ya meza, na hapo ndipo utawashangaza. Muombe mama mboga wa stendi maganda makavu ya vitunguu, hujaza mfuko na kuyatupa. Chuma majani madogo, dhania ni nzuri kuliko yote. Lowesha jani, libandike kwenye yai, lifunge kwa kipande cha soksi ndefu ya zamani, ukaze kwa uzi hadi jani lilale bila mkunjo. Weka kwenye sufuria, mimina maganda ya vitunguu juu, maji yafunike, siki vijiko viwili, dakika kumi na mbili tangu yaanze kutokota. Yaache yapoe ndani ya rangi hiyo. Ukifungua soksi, yai lina rangi ya udongo wa Seme mvua ikishapita, na katikati umbo la jani limebaki na rangi ya ganda lenyewe, na vidole vyake vyote. Mayai ya kwangu mengi ni ya kahawia, hivyo rangi itaiva zaidi. Nimechanganya machache meupe ya kienyeji, hayo yachemshe kwenye bizari ya manjano.

Apiyo aliniuliza kwenye simu sungura anatagaje. Nilikosa jibu siku ile, nimeuliza na kusoma. Ni Wajerumani waliowaambia watoto wao kwamba sungura huleta mayai ya Pasaka. Daktari mmoja wao aliliandika jambo hilo mwaka 1682. Mwambie Apiyo kwamba sungura wetu wa hadithi, kwa jinsi tunavyomjua, angeyaiba, asingeyaleta. Na yule mzee wa kanisa lenu anayesema mayai ya Pasaka hayamo katika Biblia, ni kweli hayamo. Ila sababu yake naielewa kama mfanyabiashara. Ulaya ya zamani kanisa lilikataza mayai wakati wa Kwaresima pamoja na nyama. Lakini kuku hajui Kwaresima. Siku arobaini anataga tu, na Pasaka ikifika nyumba imejaa mayai. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1290 aliagiza mayai 450 ya kupambwa na kugawiwa watu wa nyumba yake, mengine yakafunikwa kwa dhahabu. Mayai 450 ni trei kumi na tano. Tenda kama hiyo ningeipata wakati wa ada zenu, Mungu wangu.

Tuendelee. Odongo ni mpole, na kwenye ploti kuna wale vijana wa darasa la nane. Kila mtoto mpe rangi yake. Wa bluu asiguse la njano. Akiliona, anyamaze au amnong'oneze mwenzake. Hapo hata mdogo wa miaka mitatu atarudi na idadi sawa na wengine. Ya wadogo yaweke wazi, nusu yaonekane.

Wakubwa hao wape kazi ya kichwa. Ndani ya ganda, kwa lile tundu pana ulilopanua kidogo, ingiza karatasi iliyosokotwa nyembamba. Kwenye karatasi andika kitendawili, na jibu ndipo lilipo yai linalofuata. Mimi ningeanza na "Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni." Wakikumbuka kikombe, watakimbilia rafu ya vyombo. Hapo wakute "Kuku wangu katagia miibani," na mezani liwepo nanasi, yai limekaa katikati ya majani yake. Kisha "Nyumba yangu ina nguzo moja." Jibu la wazee ni uyoga, lakini uyoga ploti utautoa wapi? Watasema mwavuli, na nisingewapinga. Funga yai ndani ya mwavuli ule mweusi. Cha mwisho kabisa, "Nyumba yangu haina mlango." Watahangaika, watapima makabati yote, mpaka mmoja apige kelele kwamba ni yai lenyewe, wakimbilie trei jikoni, na kati ya mayai mabichi liwepo moja lililopakwa rangi upande wa chini tu. Watabidi wainue moja moja kwa adabu.

Wakishindwa, watoe mji kama kawaida. Ila waambie kwamba tangu tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ni jiji, kwa hiyo anayeitoa Nakuru asiitoe kwa wepesi.

Zawadi zisiwe peremende zote. Andika vikaratasi: asiyeosha vyombo siku tatu, atakayechagua chakula cha Jumatatu, atakayekuja Dunga na babu kula samaki likizo hii. Hicho cha mwisho nitakilipia.

Mvua ikiharibu mambo, ingieni ndani, zima taa, kila mtoto na tochi. Stima ikipotea yenyewe, afadhali zaidi. Na mbio za yai na kijiko zipo, za kila shule, hazihitaji maelezo yangu. Tumia viazi, utanishukuru.

Kitu kimoja usisahau: chora ramani na uhesabu. Mwaka juzi, mlipokuja, nilificha ya kuchemsha kumi na nane nikijiona hodari. Yakapatikana kumi na saba. Nikasema basi, mbwa amekula. Mlipoondoka harufu ilianza taratibu, nikashuku panya, nikashuku mtaro, nikagombana na jirani kuhusu choo chake. Siku ya kumi na tisa ndipo nilipogeuza kochi. Yai viza ndani ya nyumba, na mimi ndiye niliyejitia kuwafundisha wengine. Jirani nilimpelekea trei nzima ya kuomba msamaha. Alipokea bila kunialika ndani.

Mayai na mimi tuna deni lingine, la zamani zaidi.

Ulikuwa na miaka saba. Tulikaa chumba kimoja Manyatta. Kila jioni kabla sijatoka kwenda kuuza nilihesabu, trei mbili, sitini. Jumamosi ile ya Pasaka yakawa hamsini na tisa. Nikahesabu tena. Nikakuuliza, ukanyamaza. Nikakuuliza kwa ukali, ukatazama sakafu. Faida ya siku nilikuwa naijua kwa shilingi, na yai moja lilikuwa pengo. Nikakulaza bila chakula.

Asubuhi nikavaa viatu vya kanisani. Kiatu cha kushoto kikaukataa mguu. Nikausukuma. Kikalia.

Ulikuwa umelichemsha, sijui saa ngapi, na kulisugua kwa karatasi nyekundu uliyoilowesha kwa mate, maana rangi ilikuwa na alama za vidole vyako. Mama yako ndiye aliyenieleza jioni kwamba mwalimu wenu wa shule ya Jumapili alisema yai la Pasaka unamfichia mtu unayempenda, halafu unasubiri alione. Ndiyo maana ulikuwa umekaa kitandani umekodoa macho. Nilikung'uta kiatu, nikakifuta kwa gazeti la kufungia mayai, tukaenda kanisani. Sikusema neno. Sasa una miaka thelathini na minne na bado sijasema. Nilikukosea, mwanangu. Ulikuwa umelala na njaa kwa ajili yangu.

Gari linaondoka hapa kesho asubuhi. Mtume kijana wa boda akauchukue mzigo stendi saa nane, nimeshalipia, asiongezewe kitu. Trei mbili zina sitini, hesabu mbele yake. Chini yake, ndani ya maganda ya mpunga, utakuta kiatu cheusi cha zamani, cha kushoto. Usikitupe kabla hujatia mkono ndani.

Baba yako