Mulifunga maua yangu na waya ya mukuba, murudishe makuta yangu

Lubumbashi, Bel-Air

Kwa shefu wa servisi ya bakliyenti,

Jambo yenu. Mi njo ile mama wa Bel-Air mwenye aliwaandikia kwenye WhatsApp mara tatu, mara ya mwisho mukanijibu neno moja tu, «desole», kisha kimya. Sasa naandika barua ya kweli na nitaileta mwenyewe kwenye magazini na fakture ndani, juu naona simu hamusomake.

Mwezi wa saba nilinunua kwenu Tillandsia ionantha mbili, ile munaitaka maua ya hewa. Moja ilikuwa ndani ya kikapo kadogo, haifungwe na kitu, dola 15. Ya pili njo ilikuwa ya bei, dola 35, juu muliikalisha kwenye malakiti, ile jiwe ya kijani, mukaizungusha waya ya mukuba, ni kusema shaba, eti suvenire ya Katanga. Siwezi kudanganya, niliipenda sana, nikaiweka salo mbele ya dirisha na kila mugeni alikuwa anauliza nimeitosha wapi.

Ndani ya karto kulikuwa karte: «Haiombe udongo, haiombe maji, inaishi na hewa tu.» Udongo, sawa, kwao kule Mexico na Amerika ya Kati inashikamanaka kwenye matawi ya miti na mizizi yake ni ya kujishikilia tu. Lakini maji inakunywa! Inakunywa na majani. Ile kitu nyeupe kama vumbi kwenye majani si vumbi, ni bintu bidogo sana bya kunyonya maji, na mi kwa kukosa mutu wa kuniambia nilikuwa naipangusa na kitambaa kila juma. Hapa kwetu mwezi wa saba ni kipwa katikati, hata midomo ya batu inapasukaka, na nyinyi munauza mumea na karte yenye kusema haiombe maji. Wiki tatu tu, majani ya zote mbili ikajikunja, ncha zikakauka.

Mutoto wa dada yangu anasoma agronomi, njo yeye alinifundisha. Unaizamisha yote ndani ya beseni dakika 20 mpaka 30, mara moja kwa wiki, maji ya mvula njo muzuri lakini kipwa utaitosha wapi, basi tulitumia ya robine yenye imelala usiku mzima ndani ya ndoo. Kisha unaikung'uta, unaigeuza kichwa chini, mahali penye hewa, ikauke ndani ya masaa 4, kama sivyo maji inabaki katikati ya majani na inaoza. Na ni asubuhi, si magaribi, juu hii mumea inafunguaka matundu yake ya kupumua usiku, ukiilowesha magaribi unaiziba pua.

Zote mbili zikarudi nzuri. Kisha ile ya jiwe ikaanza kuwa nyeusi, kuanzia chini, pale pale waya inapita. Nikavuta jani moja, ikatoka bila nguvu kama ganda ya kitunguu chenye kimeoza, nikavuta ingine, mara moyo wote ukanibakia mukononi. Waya yenu ilikuwa imegeuka kijani na ile kijani ilikuwa imeshuka mpaka kwenye shina.

Mukuba ni sumu kwa Tillandsia, na ikilowa njo mubaya zaidi. Ninyi si batu ba Lubumbashi? Hii provensi iliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997, sote tumekomea tukiona upande wenye moshi ya shemine ya usine ya mukuba ilikuwa inaangukia, udongo ukabaki mutupu. Kuna majani yetu yenye inavumilia mukuba, ile Haumaniastrum katangense, lakini si kila mumea iko na damu ile!

Kijana wenu alisema kwanza niliizidishia maji, kisha akabadilisha akasema ni klima ya huku. Sasa anijibu hii: ile ya kikapo iko kwenye dirisha ile ile, beseni ile ile, siku ile ile, tofauti ni waya na jiwe tu. Mwezi wa kumi majani yake ya katikati ikakuwa nyekundu, ikatosha maua ya violeti, na sasa iko na batoto babili pembeni. Na hii pia muandike kwenye karte, inatosha maua mara moja tu, kisha mama anakufa polepole na anaachia batoto fasi, kama hamusemi kliyenti mwingine atawaletea barua kubwa kupita hii.

Nataka dola 35 zangu, kashi, si bon ya kununua kitu kingine. Karte mubadilishe. Na zile zenye ziko kwenye vitrine, nilipita nikahesabu sita zenye kufungwa na mukuba, muzifungue leo, mutumie uzi ya nailoni.

Jiwe na waya biko ndani ya sashe, nitabirudisha siku ya posho asubuhi. Fakture njo hii.

Mama Mapasa, kliyenti yenu