Somo, kuhusu ile barua

Somo yangu,

Ujumbe wako uliingia pamoja na mingine chungu nzima intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba. Niliusoma ndani ya daladala, nikausoma tena nyumbani. "Mdogo wangu anaomba PhD mwaka huu. Naomba umwandikie barua ya mapendekezo, wewe ndiye umefanya naye kazi." Halafu viganja viwili vya kuomba. Siku kumi sijakujibu, na usidhani ni bando.

Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu kule kwenye simu kila nikiandika nafuta. Tena kila mwaka msimu huu vijana huniuliza mambo haya haya, basi wasome na wao.

Nianze na mdogo wako. Mwambie asichague chuo, achague maabara. Atafute ni nani anashughulika na virusi vya mimea, asome makala zake mbili tatu, kisha amwandikie barua pepe fupi yenye swali moja la maana. Wengi watakaa kimya. Akipata mmoja wa kumwambia "mwaka huu sichukui mwanafunzi," amshukuru, kamwokolea ada ya maombi. GRE, ule mtihani wa kuombea shahada za juu, vyuo vingi vya baiolojia vimeiacha, asiilipie kabla ya kuangalia. TOEFL yake ya mwaka jana, ule mtihani wa Kiingereza, bado ni hai, inadumu miaka miwili.

Mama yako alinipigia akiuliza ada ya miaka mitano itatoka wapi. Nilimweleza, nawe mweleze tena: PhD ya sayansi Marekani kwa kawaida mwanafunzi halipi. Chuo ndicho kinachomlipia na kumpa posho, naye anafundisha au anafanya utafiti kwenye mradi wa profesa. Uzuri wake ni huo, na balaa lake ni hilo hilo, maana ruzuku ya profesa ikiyumba na nafasi inayumba. Mwaka huu wa 2025 umejionea mwenyewe ukiwa huko. Vipo vyuo vilivyopunguza nafasi, na vipo vilivyowaandikia watu waliokwisha kuahidiwa kwamba ahadi imefutwa. Mwishoni mwa Mei balozi za Marekani zikasimamisha kupanga usaili mpya wa viza za wanafunzi, zikarudi katikati ya Juni zikitaka kupekua na kurasa za mitandao ya kijamii. Kwa hiyo asiweke mayai yote huko ulikopita wewe. Ujerumani nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, na shahada ya uzamili wanayoitaka anayo. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wazee, nami ningesikia mapema ningelala vizuri zaidi.

Halafu wadhamini watatu, wa kumwandikia barua za mapendekezo. Hapo ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.

Mwaka ule tulioomba sisi, unamkumbuka Prof wetu amesimama mlangoni, begi begani, gari linamsubiri: "Andikeni wenyewe, nitapitia nisaini." Tukacheka. Nani atajisifu mwenyewe bila haya? Wewe ndiye uliyesema, si mimi, "Basi tuandikiane."

Nilikuandikia usiku kucha. Nilikupa Machi yangu yote. Zile wiki tatu ambazo kichupa cha maji matupu, kisichopaswa kuonyesha kitu, kilikuwa kinatoa bendi kwenye jeli, ule mstari wa kusema virusi vipo, kana kwamba na maji nayo yameugua michirizi kahawia, ugonjwa wetu wa muhogo. Wote mkasema tutupe tuanze upya. Mimi nikawa nabadilisha kitu kimoja kimoja, leo maji, kesho vimeng'enya, mpaka nikaikamata ile pipeti, kifaa cha kunyonyea maji, iliyokuwa inachafua kila kitu. Kwenye barua niliandika kwamba uliikamata wewe. Si uongo mtupu. Ulikuwepo, ulishika daftari.

Ijumaa ile ulitoka kwenda kununua mihogo. Nikakaa kwenye kompyuta ya pembeni ya jokofu kubwa, nikatafuta barua yako niione ilivyotoka baada ya saini. Jina letu ni moja, somo. Mafaili mawili, jina moja. Nikafungua lisilokuwa langu, au niseme lililokuwa langu hasa.

Aya tatu. "Ni mtiifu. Huwahi kazini. Huosha vyombo vya maabara bila kuambiwa. Akipewa maelekezo huyafuata. Anaishi vizuri na wenzake." Kwa Kiingereza safi, hata nukta haikukosewa. Nilipanda na kushuka nikitafuta neno moja tu, kwamba aliwaza, kwamba aligundua, kwamba aliuliza. Hata msichana wa kazi anayeletwa kwa mama yangu husifiwa zaidi ya hapo. Na saini ya Prof ilikuwa pale chini, na barua zilikuwa zimeshakwenda tangu juzi yake.

Ukarudi na mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, kachumbari, pilipili ya kutosha. Ukanitengea vile vipande vya pembeni vilivyokauka, kwa kuwa unajua navipenda. Nikala. Barua yenyewe nimeizoea, lakini hilo la kula ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Nilikula vyote, nikakuuliza pilipili umeitoa kwa nani.

Januari ukaitwa usaili kwa Zoom, saa tano usiku, ukavaa blauzi yangu ya bluu. Februari 2022 wakakuchukua. Walikupa mpaka tarehe 15 Aprili uamue, wewe ukajibu siku hiyo hiyo, na mimi nikapiga vigelegele kuliko dada zako. Vile vigelegele vilikuwa vya kweli, naomba uamini.

Mimi niliomba sehemu sita. Tano zilinikataa kwa maneno karibu yale yale, waombaji walikuwa wengi na wenye sifa. Ya sita ilinyamaza mpaka Mei. Hakuna aliyesema kwa nini. Ndicho kinachonitesa, somo, wala sijui hata kama nakuonea. Jeli ikitoka tupu unajaribu kitu kimoja kimoja mpaka umpate mwizi. Huku hakuna cha kurudia. Inawezekana ni barua yako. Inawezekana ni insha yangu, niliyoianza na mtafiti Storey pale Amani, Tanga, mwaka 1936 alipoueleza ugonjwa huu wa muhogo kwa mara ya kwanza, kama vile kamati nzima ilikuwa imekaa inamsubiri Storey. Wewe uliianza na shamba la mama yako Mkuranga, majani yamesimama kijani, ukichimba unakuta muhogo umeoza kwa ndani. Nilipoisoma nilijua ni nzuri kuliko yangu. Mdogo wako naye aanze na kitu alichokishika.

Lingine la kumwambia: aombe msamaha wa ada ya maombi. Anaiandikia ofisi ya udahili kwa adabu, anaeleza hali yake, baadhi watamkubalia. Mimi walinikubalia watatu kati ya sita.

Ndiyo. Umesoma vizuri. Ilikuwa Oktoba 2021, na wewe ulilipa matano yote, dola 75 mahali pengine na zaidi, kwa pesa ya kikoba ya mama yako. Kwa kiwango cha siku zile ni kama laki na sabini kila ombi. Hukuniuliza. Nilidhani misamaha ina idadi, na kwamba wakiona maombi mawili kutoka maabara moja yenye jina moja, watadhani ni mtu mmoja anaomba mara mbili, watufutie sote. Cheka tu, lakini nilifikiri hivyo. Tena wewe ulikuwa na mjomba mwenye kadi ya benki, mimi sikuwa na mtu. Na usije ukaviweka kwenye mzani mmoja. Laki na sabini hurudi. Mama yako nilimnunulia mbegu safi msimu uliofuata, muulize, ingawa sikumwambia ni za nini.

Watu huniuliza kwa nini sikuomba tena, nawajibu mama alikuwa anaumwa. Alikuwa anaumwa kweli.

Mdogo wako aje Jumamosi saa nne na kompyuta yake, tupitie insha kabla ya tarehe 1 Desemba, siku ya mwisho ya maombi, haijatukuta. Asilete zawadi. Ana jicho, huyo mtoto. Siku yake ya tatu tu shambani aliona vibandiko vya mistari miwili ya sampuli vimepishana, akakaa nalo moyoni mpaka alipohesabu upya mashina yote, ndipo akaniambia. Mimi sikuwa nimeona, na vibandiko nilivibandika mimi.

Hilo nimeliandika kwenye barua yake, pamoja na kwamba kosa lilikuwa langu. Imefika ukurasa mmoja na nusu. Sijaandika popote kwamba anawahi kazini. Anawahi, saa moja na nusu kila siku yupo mlangoni.