Shoga, king'amuzi au waifai?

Shoga yangu wa tangu shule ya vidudu,

Salamu nyingi kutoka Tanga, huku tuko wazima, machungwa ya Muheza yamejaa mpaka yanakosa wanunuzi na mama anakusalimu sana, anasema ukija usije mikono mitupu, anataka zabibu za huko Dodoma na safari hii uzifunge vizuri, zile za mwaka jana zilifika uji.

Voisi yako nimeisikiliza nikacheka peke yangu jikoni, yaani pale fundi na shemeji yako wanabishana kuhusu TV yako mpaka chai inapoa. Nikasema suala hili ngoja niliandike tu, maana voisi na mimi nikianza sijui kuacha. Sasa fundi anataka ufunge dishi na king'amuzi, shemeji anasema hayo ni mambo ya kizamani weka waifai kila kitu saivi kiko onlaini, na wewe umekaa katikati na TV mpya bado iko kwenye boksi. Shoga, hao wote wawili wanakupigia hesabu ya hela tu. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza nani atakuwa anakaa hapo sebuleni.

Si unakumbuka TV ya chogo ya kwetu barabara ya kumi na mbili? Watoto wa mtaa mzima mlango uko wazi, ukiwa na miguu ya vumbi unarudishwa bombani ukaoshe kwanza, alafu mnakaa chini kwenye mkeka na wakubwa kwenye makochi. Picha ikianza chenga mtu mmoja anatoka kwenda kuzungusha mlingoti wa antena na mwingine dirishani anapiga kelele hapohapo, umepitiliza, rudisha kidogo! Wazee wetu ndo wanachekesha zaidi, wanasimulia jinsi walivyokuwa wakinyanyua antena ndefu wanase TVZ ya Zanzibar, maana wenzetu visiwani walikuwa na televisheni tena ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi bara Mwalimu aliona ni anasa, mpaka 1994 ndo ITV na wenzake wakaanza. Alafu mwanzoni mwa 2013 wakazima analojia huku kwetu, Dar walikuwa wameshazimiwa Desemba 31, 2012, ikawa bila king'amuzi huna TV una meza ya kuwekea maua. Hapo ndo tulipoanza kulipia kuangalia na watu wakanuna weee, leo hakuna hata anayekumbuka kwamba ilikuwaga bure.

Lakini ntakwambia kitu ambacho hawa wanaolilia zamani hawakisemi. Zamani ile ilikuwa tamu kwa aliyekaa kwenye kochi. Wewe na mimi tulikuwa wapi saa moja jioni? Jikoni. Tamthilia inaanza, ugali ndo unataka kusongwa, tunasikia sauti tu kutoka sebuleni, tunamtuma dogo akachungulie aje kutuhadithia na anakuja na hadithi nusu, eti yule dada kalia. Kalia nini sasa? Hajui. Ukimaliza kuosha vyombo saa mbili imefika, baba kashika rimoti, taarifa ya habari, na taarifa ya habari ya mzee haina mjadala, hata kukohoa unakohoa taratibu. Ratiba nzima ya televisheni ilipangwa kama vile nyumbani hakuna mtu anayepika.

Ndo maana mimi siwezi kuisema vibaya intaneti. Saivi namaliza kazi zangu zote, watoto wamelala, mume kalala, najifunga kanga yangu nakaa na simu na sikioni nimechomeka earphone, naangalia episodi kutoka mwanzo, pakinipita narudisha nyuma, mtoto akilia nasimamisha naenda nambembeleza narudi naikuta palepale inanisubiri. Hakuna mwanamke aliyekuwa na TV ya kumsubiri, shoga. Hiyo peke yake kwangu inatosha, shemeji yako kwa hilo ana haki.

Ila sasa tuje kwenye bando, hapo ndo shemeji anajifanya hajui. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja, ile ya kawaida mpaka GB 1, na TV yako mpya ni kubwa, ukiiwekea picha ya chini utaona nyuso zimeumuka utaitoa mwenyewe. Sizoni moja ya episodi kumi za saa moja moja kwa HD ni GB 30 hizo, na mtu gani anaishia sizoni moja? Kwa bando la simu huendi popote. Kwa hiyo ukisema onlaini kwenye TV ya sebuleni maana yake ni faiba, ile intaneti ya waya, au ile waifai ya kulipia kwa mwezi bila kikomo, na kabla hujamsikiliza mtu yeyote waulize majirani zako wanaotumia, siyo asubuhi, waulize ikifika saa mbili usiku mtaa mzima umerudi nyumbani spidi inakuwaje. Kuna kampuni moja tulifunga huku kwetu, sitaitaja, mchana inaruka kama swala, usiku kile kiduara kinazunguka tu mpaka usingizi unakuchukua.

Dishi lenyewe ni kama adhana, asikie mtu mmoja au usikie mtaa mzima muadhini hachoki zaidi. Satelaiti inamwaga picha moja kwa wote, hakuna cha GB wala cha jirani kakuvutia spidi. Mtandaoni mambo ni tofauti, kila anayebonyeza anatumiwa yake peke yake, ndo maana tukizidi inakwama na ndo maana inakula data. Ubaya wa dishi mvua ikiwa kubwa linakata na unabaki na maandishi hakuna mawimbi, lakini Dodoma mvua yenyewe mnaionea wapi.

Na usisahau mpira. Wewe huangalii ila mumeo ninamjua, damu yake ya njano. Hebu muulize alikuwa wapi Novemba 5, 2023. Mdogo wangu siku ile alikataa kwenda kibanda umiza, akasema ana apu, atakaa nyumbani kistaarabu. Kipindi cha kwanza moja moja. Kipindi cha pili sasa, yeye kwenye simu anaona Yanga ndo kwanza wanapanga mpira katikati, nje mtaa mzima umeshalipuka! Anatoka mbio, anauliza nini, wanamwambia goli, anarudi kwenye simu mpira bado uko katikati, anakaa anasubiri goli ambalo watu wameshalishangilia na kukaa. Mara nne zote hivyo hivyo, maana Simba walikula tano kwa moja, na mara zote kapata habari kutoka dirishani. Baadae ndo akanieleza kwamba laivu ya intaneti inakatwa vipande vya sekunde chache chache, apu inaweka akiba vipande kadhaa kwanza ndo ianze kukuonyesha isije ikakwamakwama, kwa hiyo unakuwa nyuma hata nusu dakika. Wa dishi picha yake imepanda mpaka kwenye satelaiti kilomita kama 36,000 juu huko ikarudi chini na bado kakushinda. Tangu siku hiyo derbi anaenda kibandani, anabanwa, anakanyagwa, ila anashangilia na wenzake kwa wakati mmoja. Na mimi ni Simba, kwa hiyo hadithi hii nakupa kwa maumivu, usimwambie mumeo nimeandika mwenyewe.

Hilo la kwa wakati mmoja ndo linanifikirishaga. Siku hizi nyumba yetu ina watu wengi na kila mtu na kioo chake. Binti yangu anaangalia YouTube na vile vivideo vifupi, ukimuuliza muvi inahusu nini anakwambia ameona ile sehemu tu ya mwisho, mtu kaikata kaiweka mtandaoni na maelezo juu, yaani anajua mwisho wa muvi mia na hajaona hata moja nzima. Baba nae, yule yule wa saa mbili, saivi habari anatumiwa vipande kwenye WhatsApp na wazee wenzie, ikifika saa mbili yeye ndo anamwambia mtangazaji hiyo tumeshaijua asubuhi. Robo fainali ya CHAN, Agosti 2025, tulipofungwa moja na Morocco, ndo mara ya mwisho nimeona sote tumejaa sebuleni, mpaka jirani aliyegombana na mama kuhusu maji ya mfereji alikuja akakaa, wakanuna pamoja.

Alafu kuna streaming yetu wenyewe ambayo shemeji anaidharau. Yule kijana wa kibanda chenye kompyuta stendi, unampa flashi na hela kidogo anakujazia sizoni nzima, tena zilizotafsiriwa. Mama yangu Kiingereza hajui na maandishi ya chini macho hayafikii, kwake muvi isiyotafsiriwa ni picha za watu wanaofungua midomo. Ndo maana enzi zile Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, alikuwa mfalme na kule Kenya DJ Afro mpaka leo ana watu wake, huyo mtafsiri anakuongezea na utani wake humo humo mpaka muvi inakuwa ya kwake. Najua kisheria ina maneno na wenye kazi zao hawapati kitu. Lakini uwaambie pia hao wenye apu kubwa waweke sauti za Kiswahili kwenye muvi, siyo wanatuwekea Kifaransa na Kijerumani alafu wanashangaa kwa nini tunakwenda stendi. Azam TV walishtuka mapema, tamthilia za Kituruki wakaziwekea sauti za Kiswahili, na mama zetu wakatekwa kabisa. Mama saivi anajua mambo ya masultani kuliko mambo ya ukoo wetu.

Dada yangu aliyeolewa Mombasa ananicheka, wao Netflix waliwahi kupewa ya bure kwenye simu za Android kuanzia 2021, ikaja kufutwa 2023, na mwaka huohuo kile kifurushi cha simu tu kikashushwa mpaka shilingi 200 zao. Anasema walipozoea bure wakapewa bili, majirani zake wengi wakarudi kwa yule kijana wa flashi. Kumbe na wao wanaye.

Basi nirudi kwako. Kwenye voisi ulitaja kwa haraka haraka kwamba mkweo anahamia kwako mwezi ujao, ukapita kama vile siyo habari. Shoga, hiyo ndo habari yenyewe! Mama mtu mzima kutoka Kondoa, umkabidhi rimoti ya smati tivii yenye picha ndogondogo ishirini, umwambie mama chagua unachotaka? Atafute kwa herufi, tofauti ya O na zero anaijua nani? Utakuwa kila dakika unaitwa kutoka jikoni uje umuwekee, na waifai ikikwama ataona umemzimia makusudi. Yeye anataka awashe, namba aliyoizoea, saa moja tamthilia yake ipo, saa mbili habari, na kesho ana la kusimulia kwa wenzie kwa sababu na wao waliangalia hilohilo usiku uleule. Mpe dishi. Fundi kashinda, ila siyo kwa sababu zake.

Kifurushi chukua cha chini kwanza, usidanganywe na vile vikubwa vya chaneli mia na kitu, utaangalia sita. Waulize kabisa chaneli za nyumbani zipi zimo, usije ukafanana na sisi 2018 zile chaneli za bure zilipoondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi, watu wakaishi na ving'amuzi viwili na rimoti tatu mezani. Na weka tarehe ya kuisha kwenye simu yako, maana kinaisha hata kama ulisafiri hukuangalia.

Waifai usiache moja kwa moja, iache mpaka mkae miezi kidogo mjue mtaa. Kwa sasa wewe bando lako la usiku linakutosha, pakua episodi zako wakati ni bei rahisi uangalie baadae bila kuunguza data, apu nyingi zinaruhusu. Mkweo akiwa na tamthilia yake sebuleni, wewe una yako chumbani kwenye simu, na mumeo mwache aende kibandani akabanwe huko.

Ila niambie kwanza, hiyo nyumba paa ni bati au vigae, na upande ambao dishi litaelekea kuna ukuta au mti? Mdogo wangu anasema fundi asije akakuuzia mlingoti mrefu bila sababu. Na huyo mkweo, anakuja kukaa au anakuja kutembea? Maana ulivyolisema ulilisema kwa sauti ya kukaa.

Nijibu, hata voisi sawa, ila isizidi dakika tano.

Mimi shoga yako,
Ngamiani, Tanga